Uzi wa Dhiraa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka hadi leo, na mimi ni mtu wa kutafuta ufunguo huku nimeushika mkononi. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa. Nilitoka nyumbani kwetu hapa Mgogoni asubuhi na mapema, nimeikunja kofia ndani ya kanga, nakwenda kuitua. Kuitua ndilo neno nililokuwa nalo kichwani njia nzima. Nilikuwa nimeichoka kofia ile kama mtu anavyouchoka mzigo wa kuni, na nilikuwa nimeapa kwamba nikishaikabidhi, sindano sitaishika tena.

Wewe ndiye uliyenikumbusha siku hiyo. Ulipoingia leo ulikaa hapo kwenye mkeka, ukawa unajisugua shingo. Nikakuuliza habari za kazi, ukasema ipo tu. Wewe, ambaye ulipopata ile nafasi ya kuchora ramani za nyumba kwenye kompyuta huko Chake, ulinipigia simu unalia kwa furaha. Tukitembea barabarani ulikuwa hunipi nafasi ya kuzungumza, kila nyumba unanionesha dirisha lilipokosewa. Leo unaniambia macho yanawaka, vidole vinakufa ganzi, chai unaipata ukiipata, na chupa kubwa ya maji umeiweka miguuni kwako ili usiwe na haja ya kuinuka. Kisha ukasema kwa sauti ndogo kwamba unafikiria kuacha. Si kwamba umepata kazi nyengine. Basi tu, hii huipendi tena.

Sikukujibu, ukadhani sikusikia, ukarudia kwa sauti ya kuzungumza na kiziwi. Nilisikia, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi, hapa hapa Mgogoni, kabla mama yako hajazaliwa. Sasa kaa nikuhadithie. Mimi nitashona huku nasema, maana mikono yangu haijazoea kukaa bure.

Wakati ule wasichana wengi wa mtaa wetu tulikuwa tunashona kofia za viua. Unazijua, ila sijui kama umewahi kuitazama moja kwa karibu. Yale maua yote unayoyaona juu ya kitambaa cheupe ni vitobo vidogo vidogo. Kila kimoja kinatobolewa kwa sindano, kisha kinazungushiwa uzi mpaka kisimame imara, kisha unakwenda cha pili yake. Kofia moja ina vitobo ambavyo sijapata kumwona mtu mwenye akili zake akivihesabu. Ni kazi ya kukaa kitako, kuinamisha shingo na kukaza macho, miezi. Naona ni kama yako, ila sisi hatukuwa na kiti cha kuzunguka.

Fundi wetu alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa mkubwa kuliko bibi yangu mzaa mama, na bibi yangu wakati huo alikuwa akinyooshewa mkono ili apande baraza. Bi Zuhura alikuwa anashona bila miwani. Akiitia uzi sindano, aliinyanyua mara moja tu, uzi ukapita, kana kwamba tundu lilikuwa linamngojea. Sisi wasichana tulikuwa tunakosa na kulamba uzi na kukosa tena, yeye anatusubiri.

Lakini alikuwa na vituko vyake, au ndivyo tulivyoviita. Alikuwa hashiki sindano kabla hajala. Atakula muhogo wake wa kuchemsha na kipande cha samaki, taratibu, na wewe umekaa unangoja. Akishona kidogo, anainuka. Anakunywa maji, anakwenda mpaka mwisho wa ua, pale ardhi inaposhuka kwenye bonde la mpunga, anasimama anatazama ndege weupe, wale yangeyange, wanavyotembea kwenye majani. Anazungusha mabega, anasalimiana na anayepita, anarudi. Kidogo tena, anainuka. Baada ya sala ya Adhuhuri alikuwa analala kailula, usingizi mfupi wa mchana, na hata angekuja sheha mwenyewe angemkuta amelala. Taa ikishawashwa sindano anaichomeka kwenye kitambaa, imekwisha siku. Tulimpa jina la siri: Mhesabu Yangeyange. Nadhani alilijua.

Basi kaka yangu Hamad, babu yako mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoposa, mama yangu alinipa mimi kazi ya kushona kofia atakayoivaa siku ya nikahi. Hukuwahi kumwona babu yako akiwa kijana. Alikuwa mtu wa kujipenda, anajitazama hata kwenye maji ya ndoo. Nami nilikuwa nampenda mno, nikataka kofia ambayo watu wataacha kusikiliza khutba ya ndoa wamtazame kichwani. Nilichagua kitambaa, nikachora maua yangu mwenyewe kwa penseli, usiku nikilala nayaona. Mwanangu, hakuna siku nilizokuwa na furaha ya kazi kama zile za mwanzo.

Nikaona nikiendelea kwa mwendo wa Bi Zuhura harusi itapita. Nikachukua kofia nikawa nashonea nyumbani, peke yangu, nimeegemea ukuta. Na nikavumbua werevu. Bi Zuhura alikuwa akitukatia uzi mfupi, kila mara umekwisha, kila mara unaanza tena. Mimi nikawa nakata uzi mrefu, nanyoosha mikono yote miwili kama ninayetaka kuruka. Uzi namna ile unakaa nao asubuhi nzima huna sababu ya kusimama. Chai nikaiacha. Maji nikapunguza, kwa sababu hiyo hiyo uliyoniambia wewe. Wenzangu wakipita kunisalimia nawajibu bila kuinua kichwa, mpaka wakaacha kupita.

Mwanzo kazi ilikwenda, siwezi kukudanganya. Halafu shingo ikaanza. Halafu vidole vikawa vinaamka asubuhi vimekufa. Macho yakatoa machozi, vitobo vikawa vinaingiliana, na ule uzi mrefu ukawa unafanya mafundo na kuchakaa kabla sijaumaliza. Yote hayo ningeyavumilia. Lililoniogopesha ni kwamba siku moja niliitazama kofia ya kaka yangu nikaona naichukia. Nilikuwa sijali tena kama itakuwa nzuri. Nilitaka iondoke mbele ya macho yangu. Mtu akipoteza sindano anaitafuta, lakini mimi nilikuwa nimepoteza mapenzi ya kazi yangu mwenyewe na sikujua hata pa kuanzia kutafuta.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bi Zuhura asubuhi ile na kanga yangu. Nilimkuta anakula muhogo wake. Nikamwamkia, nikamwekea kofia mbele yake, nikamwambia amalizie yeye au ampe mwengine, mimi kushona basi, sikuumbiwa.

Alimaliza muhogo wake kwanza. Aliosha mikono akaifuta. Kisha akaichukua kofia yangu, akachukua na yake iliyokuwa karibu kwisha, akaniambia nimfuate nje.

Jua lilikuwa limeshapanda. Aliinyanyua kofia yake juu, akaiweka baina ya jua na uso wangu, na mwanangu, mpaka leo nikilisema hili mwili unanisisimka. Mwanga ulipita kwenye vile vitobo ukaniangukia usoni, mikononi, kifuani kwenye kanga, vinukta vidogo vya mwanga, vyote vya mviringo, vyote sawa. Nilijitazama mikono nikadhani si yangu. Nilitafuta kimoja kilichopinda sikukipata. Kofia ile aliianza mvua za masika na tulikuwa tumeshaingia kiangazi, na usingeweza kusema hapa alianza asubuhi, hapa alikuwa amechoka, hapa ilikuwa siku ya msiba wa dada yake. Mtu mzee kuliko bibi yangu, bila miwani. Nilisema Subhanallah, na sikuwa naisema kwa mazoea.

Kisha akainyanyua yangu.

Ile sehemu ya mwanzo mwanga ulipita vizuri, vinukta vilikuwa vya mviringo, si kama vyake lakini vizuri. Kidogo pembeni vikaanza kubanana. Zaidi ya hapo vikawa kama mbegu za pilipili, vimelala ubavu. Na mwisho, pale nilipofika jana yake, palikuwa na vitobo ambavyo mwanga haukupita kabisa. Nilikuwa nimevishona nikaviziba, wala sikuona.

Bi Zuhura akapitisha kidole taratibu. "Hapa ulikuwa umekula," akasema. "Hapa hukula. Hapa shingo ishaanza kukuuma. Na hapa, mwanangu, weye hukuwapo."

Nililia. Sikulia kwa kukaripiwa, maana sauti yake haikupanda hata kidogo. Nililia kwa sababu nilikuwa nadhani njaa yangu na maumivu yangu ni siri yangu, kumbe yote niliyashona kwenye kofia ya kaka yangu, mwenye kujua kutazama anayasoma. Na nililia pia kwa kuogopa, kwamba mwili wa mtu unaandika namna hii na mwenyewe hana habari.

Aliniacha nilie, akaenda kuleta maji. Aliporudi akaniuliza uzi wangu nakata vipi. Nikamwonesha, mikono miwili imenyooka. Akacheka sana, akakohoa kwa kucheka, akasema huo si uzi, huo ni kamba ya kufungia mbuzi. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaunyoosha, akauweka uzi kwenye ncha ya kidole cha kati akauvuta hadi kwenye kiwiko, akaukata hapo. Dhiraa moja. Kisha akajikatia wake kwa mkono wake. Nikaona wake umezidi wangu, maana alikuwa mwanamke mrefu. Nami, pamoja na machozi yangu, nikaona nimeonewa, nikamwambia mbona wake mrefu.

"Nkono wako weye ndo dhiraa yako," akaniambia. "Ntu hapimiwi uzi kwa nkono wa jirani. Ukisha, inuka. Hata kitobo kiwe kimebaki nusu, inuka."

Tukakaa. Tukashona. Uzi wangu ukaisha kabla ya wake, nikainuka peke yangu, nikaenda mwisho wa ua kwa aibu, nikajua sasa Mhesabu Yangeyange ni mimi. Nilitazama bonde. Niliona kijani tu, kijani na ukungu, kama mtu aliyefungua macho ndani ya maji. Ndege sikuwaona. Nilishtuka, maana nilikuwa na macho ya msichana. Nikarudi nikashona, uzi ukaisha, nikaenda tena, nikaona kitu cheupe. Baadaye nikaona ni ndege. Alasiri, baada ya kula, baada ya kulala kailula ubavuni mwa Bi Zuhura kama mtoto wake, nilisimama pale nikawaona yangeyange mmoja mmoja, nikaona miguu yao inavyonyanyuliwa kwenye matope, nikamwona mmoja amekamata kitu mdomoni kinapapatika. Hapakuwa na muujiza, najua. Ni macho tu yaliyopumzika. Lakini nilisimama pale nikaona nimerudishiwa kitu nilichokuwa nimeshakizika. Nilipogeuka nilikuwa na hamu. Nilikuwa nataka kwenda kushona.

Kofia iliisha, na harusi haikupita. Uzi mfupi haukunichelewesha kama nilivyohofia, kwa sababu sikuwa na mafundo ya kufungua. Nilitaka kuifumua ile sehemu mbovu, Bi Zuhura akanikataza, akasema iache nipate kuikumbuka. Babu yako alivaa sehemu nzuri mbele na sehemu mbovu kisogoni, na kwa vile alikuwa anajitazama mbele tu, hakujua mpaka anakufa.

Subiri, kuna jambo jengine, na hili ndilo kubwa. Miaka kadhaa baadaye, nimeshazaa, nimeshahamia na kurudi, nilikwenda kumtazama Bi Zuhura. Alikuwa hatembei tena hadi mwisho wa ua. Walikuwa wanamtoa na kiti wanamweka pale pale, anatazama bonde. Nilitegemea kumkuta ameacha. Nilimkuta na kofia mapajani. Alipotaka kukata uzi, hakupima kwa dhiraa. Alitandaza kiganja akapima kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, shubiri moja tu, akakata. Nikamtazama. Akajua ninachokitazama, akaniambia, "Uzi umefupika. Kazi ni ile ile." Alishona ule uzi mfupi ukaisha, akaiweka sindano, akanyanyua uso kuwatazama ndege, akavuta pumzi, akapima shubiri nyengine.

Niliiomba ile kofia. Niliinyanyua kwenye jua, na nilikuwa naogopa, nataka kusema kweli. Mwanga ukaniangukia mikononi, mwanangu. Vyote vya mviringo. Vyote sawa. Mikono yangu ilikuwa imeshakomaa kwa kazi na vinukta vilikuwa vile vile vilivyoniangukia nikiwa msichana. Nilikaa chini kwenye mchanga, kofia ile mapajani. Mwanamke yule alikuwa ameachwa na miguu, na nguvu, na wengi wa rika lake, lakini kazi yake aliyoipenda ilikuwa haijamwacha, kwa sababu kila siku ya maisha yake aliinuka kabla hajachoka.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, nami nakwambia kwa lugha nyepesi. Usiiache kazi yako leo, kwa sababu leo aliyekaa hapa ni njaa na shingo na macho, wewe mwenyewe bado hujafika nikakuuliza. Anza kwa kula. Usifungue hiyo kompyuta na tumbo tupu, hata kama ni kipande cha muhogo na chai, na ukile umekaa. Ile chupa kubwa ya miguuni iache nyumbani, huo ndio uzi mrefu wako. Chukua kikombe kidogo. Kikiisha, inuka ukakijaze, na ukishainuka nenda hadi dirishani utazame mbali, mti, watu, mawingu, chochote kisicho kioo cha kompyuta. Mwenzako wa chumba cha pili usimwandikie ujumbe, nenda ukamwamkie kwa mdomo. Sala ya Adhuhuri iswali kwa utulivu, usiiswali kama anayekimbizwa, na ukipata nafasi ya kufumba macho kidogo baada yake, fumba wala usione haya. Kutoka kazini kwako hadi Madungu unakoishi si mbali, tembea. Simu isilale na wewe kitanda kimoja, itakuzoea.

Na usimtazame mwenzako anayekaa kutwa bila kuinuka ukajiona mvivu. Ana mkono wake, una mkono wako. Vidole vikiendelea kufa ganzi nenda hospitali, mimi ni mshona kofia, si daktari. Na kama kazi uliyopewa ni ya watu watatu, kikombe cha maji hakitaitatua, mwambie mkubwa wako kwa adabu na kwa macho makavu. Ukishafanya hayo yote, ukakaa nayo kwa muda, na bado huipendi, njoo uniambie. Hapo nitakusikiliza, maana nitajua ni wewe unayesema.

Ichukue hii. Ndiyo, ndiyo yenyewe, kofia ya babu yako. Bibi yako alinirudishia babu yako alipofariki. Nyanyuka uiweke dirishani penye jua. Unaona mikono yako? Hapo nilikuwa nimekula. Hapo penye giza sikuwapo. Geuza kidogo. Hapo panapong'aa tena ndipo Bi Zuhura aliponikatia dhiraa yangu. Iweke karibu na meza yako ya kazi, isiwe pambo. Siku utakapoona huipendi kazi, inyanyue kwenye mwanga.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona karibu na ya kuona mbali. Akutilie baraka kwenye vidole na mgongo, akupe riziki unayoikalia kwa furaha na kuinuka nayo kwa salama, na akuzeeshe ungali unaipenda kazi yako, hata uzi wako ukifika shubiri. Amin.

Sasa nipe mkono. Uzi wangu umekwisha, lazima niinuke. Twende mwisho wa ua uniambie yangeyange unawaona au unaona kijani tu.